Giligilani Inakimbilia Maua, Nanaa Inagoma: Kutafuta Chanzo Kwenye Ndoo na Matuta ya Mwanza

Kwenye beseni la muuza viungo, fungu la giligilani na fungu la nanaa hulala ubavu kwa ubavu, yamenyunyiziwa maji ya kopo lilelile. Mtu akiamua kuotesha vyake nyumbani huiendeleza ndoa hiyo: ndoo mbili zinazofanana, udongo wa shimo moja, maji asubuhi na jioni, zote juu ya jiwe la mbele ya nyumba. Mwezi ukipita, giligilani imetoa maua ikiwa na majani ya kuhesabika, nanaa nayo imekauka ncha au imerefuka kama uzi wa kushonea. Mwenye ndoo anahitimisha kwamba udongo wa Mwanza haufai.

Udongo una makosa yake, nitayataja. Lakini ndoo nyingi nilizoitwa kuziangalia, kuanzia Kitangiri hadi Nyegezi, zilikuwa na kosa moja lililokuwa likibadili sura tu: giligilani ilitunzwa kama nanaa, au nanaa ilitunzwa kama giligilani. Na hizi hazina undugu. Giligilani (wengine huiita kotmiri, na ukikaribia mpaka wa Kenya utasikia dania) ni ya ukoo wa karoti. Ina mzizi mkuu mmoja unaoshuka wima, huishi msimu mmoja, huzaa mbegu, hufa. Nanaa ni ya ukoo wa rehani na kivumbasi. Shina lake lina pembe nne, utazihisi ukilizungusha vidoleni. Mizizi yake hutambaa karibu na uso wa udongo, na ukiipa nafasi haifi, inahama. Ya kwanza haitaki kuhamishwa. Ya pili haitaki kukaa palepale.

Kwa hiyo kabla hujaenda duka la pembejeo kununua dawa, fanya mambo mawili. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, usikie kama pana ubichi. Kisha uende kuitazama mimea saa saba mchana. Asubuhi kila mmea ni mzima. Saa saba ndipo unapojua nani anateseka.

Mbegu za giligilani zimelala wiki mbili, hakuna kitu

Kwanza subira. Giligilani huchukua siku 7 hadi 14 kuchomoza, na mbegu zikiwa kongwe hata wiki tatu. Wapo wanaofukua siku ya tano kuchungulia, na huko kuchungulia ndiko kunakozimaliza.

Wiki tatu zikipita kweli, rudi kwenye mbegu yenyewe. Kile kiduara tunachokiita mbegu ni tunda, na ndani yake mna mbegu mbili. Kikipandwa kizima kitaota, lakini polepole na kwa kubahatisha. Zitandaze juu ya kitambaa, uzipitishie chupa juu yake kwa kuikandamiza kidogo mpaka ziachane vipande viwili. Zivunjike, zisisagike. Ziloweke usiku mmoja, asubuhi umwage maji, upande kwa kina cha sentimita 1 hivi.

Halafu uliza zilikotoka. Giligilani nzima ya kutia kwenye pilau huota vizuri tu, mradi haijakaangwa na haijazeekea dukani. Mimi mwenyewe huwa napanda hiyo. Nikitaka kujua uzima wake nachukua mbegu 10, nazifunga kwenye kitambaa kibichi, naziweka ndani ya kopo lenye mfuniko. Zikiota saba au nane, napanda. Zikiota mbili, zilizobaki zinaenda kwenye kinu. Ila kinyume chake usifanye kamwe: mbegu za pakiti zilizopakwa rangi ya waridi, bluu au kijani zimetiwa dawa ya ukungu, na hizo hazirudi jikoni hata ikibaki nusu pakiti.

Chanzo cha tatu ni joto la udongo. Giligilani hupenda kuotea kwenye udongo wenye nyuzi joto kati ya 15 na 25 hivi. Ndoo nyeusi iliyokalia jiwe mwezi wa Septemba hupita hapo saa nne tu asubuhi. Miamba hii inayolipa jiji letu jina lake la utani, Rock City, hunywa jua kutwa nzima na kulitoa polepole usiku, kwa hiyo ndoo yako inapikwa kutoka chini hata jua likishazama ziwani. Inyanyue kwa matofali mawili upepo upite chini yake. Tofauti utaiona ndani ya wiki.

Na kama nyumbani kuna kuku, hayo yote niliyosema yanasubiri mpaka ufunike kitalu.

Miche imeota vizuri, kisha inalala mmojammoja

Ukiuinamia utaona shina limebonyea na kuwa kahawia pale linapogusa udongo, kama limebanwa na uzi. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda udongo unaolowa muda wote na miche iliyosongamana. Hapa ndipo giligilani inapolipa gharama ya kutunzwa kama nanaa. Mtu ameambiwa viungo vinapenda maji, anamwaga mara mbili kwa siku, tena jioni sana, udongo unalala umelowa.

Ulioanguka hausimami tena. Ung'oe pamoja na udongo ulioushikilia, acha kumwagilia mpaka juu pakauke kidogo, na ipunguze miche iliyobaki ibaki nafasi ya upana wa vidole vinne kati ya mmoja na mwingine. Ile unayoing'oa wakati wa kupunguza usiitupe, ni mboga tayari. Baada ya hapo mwagilia asubuhi tu, na kabla hujamwaga chomeka kidole.

Giligilani imetoa maua kabla sijaila

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, nalo linastahili kukaliwa kitako.

Utalijua linakuja. Majani ya kwanza ya giligilani ni mapana, yamekatwakatwa pembeni kama kiganja. Mmea ukishaamua kuzaa, majani mapya hutoka membamba kama ya bizari ya shamari, shina la katikati linapanda juu, na harufu inabadilika. Kuanzia siku hiyo hakuna mbolea wala maji yatakayoirudisha. Kukata shina la maua kunakununulia siku chache tu, kisha linatoka lingine pembeni.

Maelezo yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi husema giligilani hukimbilia maua siku zikirefuka. Ukiyafuata hapa utapotea. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na siku ndefu kuliko zote inaizidi siku fupi kuliko zote kwa dakika kama 17. Mmea hauna siku ndefu ya kuihisi. Kinachoukimbiza kwetu ni mateso, na mateso yenyewe ni ya aina nne.

La kwanza ni kuhamishwa. Mtu anaanza na kitalu kwenye beseni, miche ikifika kimo cha kidole anaing'oa na kuipanda kwenye tuta kama afanyavyo kwa nyanya au mboga ya Chinese. Ule mzizi mkuu ukikatika ncha, mmea unajiona umefika mwisho wa maisha na unaharakisha kuzaa. Panda mbegu pale pale itakapokulia. Kama lazima uanzie kwenye kitalu, tumia vikopo vya karatasi za magazeti vinavyozikwa vizima.

La pili ni kiu ya ghafla. Giligilani haihitaji maji mengi, inahitaji yasikatike. Siku tatu bomba likigoma, udongo ukapasuka, kisha maji yakarudi ukamwaga ndoo mbili kwa furaha, tayari umeishtua. Weka dumu la lita 20 pembeni kwa ajili ya hiyo tu, na utandaze nyasi kavu au maganda ya mpunga juu ya udongo. Maganda ya mpunga huku kwetu yanarundikwa nje ya mashine za kukoboa, mengi unayapata kwa kuomba. Yawe yamekaa kidogo, na usiyachanganye kwa wingi ndani ya udongo yakiwa mabichi. Yakianza kuoza yanakula rutuba ambayo mmea ulikuwa unaihitaji. Juu ya udongo hayana neno.

La tatu ni jua la mchana. Hewa yetu mchana mara nyingi hucheza kati ya nyuzi joto 27 na 30, na huo ndio ukingo wa uvumilivu wa giligilani. Inataka jua la saa moja asubuhi hadi saa tano, kisha kivuli chepesi. Ukuta wa mashariki wa nyumba unatosha. Asiye na ukuta achome fito nne na kutandika kiroba kilichofumuliwa nyuzi au neti ya kivuli. Kivuli kizito cha mwembe, hapana. Hapo itarefuka na kulala.

La nne ni ndoo fupi. Mzizi ukigonga chini ya kopo la sentimita 10, habari ndiyo hiyo hiyo ya kukatwa. Kina cha sentimita 20 au 25 ndicho kiwango cha chini.

Wakati nao una neno lake. Hapa mvua za vuli hushika kati ya Oktoba na Desemba, za masika kati ya Machi na Mei. Giligilani yangu nzuri kuliko zote huwa ni ya Juni na Julai: anga safi, usiku una baridi ya kujifunika shuka, magonjwa ya ukungu machache, na maji naamua mimi. Mbaya kuliko zote ni ya mwisho wa Septemba, kabla mvua haijakaa sawa. Katikati ya masika majani yanaoza. Kwa hiyo badala ya kupanda pakiti nzima siku moja, panda mstari mmoja, baada ya wiki mbili mwingine, baada ya wiki mbili mwingine. Unaanza kuchuma wiki ya tano au ya sita, na mstari mmoja unapokimbilia maua mwingine unaingia jikoni.

Na hiyo iliyokwisha kutoa maua? Iache. Nyuki na nyigu wadogo wanaokula vidukari huja kwenye maua yake meupe, na mbegu zikishageuka rangi kuwa hudhurungi kata matawi, uyatumbukize kichwa chini kwenye mfuko wa karatasi, uyaning'inize. Mama mmoja jirani yangu, tukishaamkiana "mwangaluka," alikuwa na desturi ya kunionyesha tuta lake kwa aibu: "Mwanangu, yangu imeharibika yote." Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imekuwa pilau.

Nanaa haishiki, kila kipandikizi kinakauka

Wengi huanza kwa kutafuta mbegu za nanaa. Achana nazo. Aina nyingi zimechanganyika na hazitoi mtoto anayefanana na mama. Ile yenye ukali wa menthol haizai mbegu za maana kabisa, kwa kuwa ni chotara. Nanaa hupandwa kwa kipandikizi, na kipandikizi unacho tayari kwenye fungu ulilonunua.

Chagua kijiti kibichi cha urefu wa kiganja ambacho hakijawa kigumu kama mti. Kata chini kidogo ya fundo, ondoa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga lakini si juani. Badilisha maji kila siku mbili. Mizizi myeupe itaonekana baada ya wiki moja au mbili.

Kisichoshika kina chanzo kati ya hivi: fungu lilikaa juani sokoni kutwa likapika, majani yaliachwa ndani ya maji yakaoza, au kiliota mizizi vizuri kwenye glasi, kisha kikapandwa saa sita mchana kwenye udongo mkavu. Hamisha jioni, lowesha kwanza, funika na kopo lililotobolewa kwa siku tatu nne. Mizizi iliyozaliwa ndani ya maji haijui udongo mkavu ni nini.

Nanaa imekauka ncha na pembeni mwa majani

Hapa mambo yanageuka. Nanaa ndiyo inayolipa inapotunzwa kama giligilani. Mtu amejifunza kwa kinyausi, amepunguza maji kote, na nanaa yenye mizizi ya juujuu inakauka ya kwanza. Upepo wa ziwa wa alasiri unaongeza: unapuliza kwenye ndoo iliyoinuliwa juu ya jiwe na kunywa maji haraka kuliko unavyodhani, hasa nyumba za mlimani.

Nanaa mahali pake ni pale ambapo giligilani ingekufa: chini ya bomba linalovuja, nyuma ya bafu la nje panapobaki ubichi (si pale maji ya sabuni yanapomwagika moja kwa moja), upande wa kivuli wa tangi. Kidole kikishuka hadi kiungo cha kwanza kisikie ubichi kila siku. Saa tatu au nne za jua zinaitosha.

Lakini ubichi si tope. Ndoo isiyotobolewa chini huwa dimbwi, mizizi inakosa hewa, na cha ajabu majani yananyauka kana kwamba yana kiu. Mtu anaongeza maji, inanyauka zaidi. Ukikuta nanaa imenyauka na udongo ni chepechepe, usimwagilie: unuse udongo huo. Harufu ya yai viza inakwambia yaliyo chini.

Imerefuka, shina tupu, majani machache juu

Kivuli kimezidi, au hujaikata. Mara nyingi ni la pili. Watu huchuma jani mojamoja kutoka chini, wakidhani wanaihurumia. Kata shina zima juu ya jozi ya majani, na pale utakapokata yatatoka machipukizi mawili. Kila ikifika kimo cha sentimita 20 ikate, hata kama huna chai ya kuitia. Nanaa inanona kwa kisu.

Katikati pamekufa, pembeni ni hai

Hakuna ugonjwa. Imehama, kama nilivyosema. Shina mama limezeeka, watoto wamekimbilia ukingoni mwa ndoo ambako udongo bado una kitu. Ichimbue yote, tupa moyo wa katikati, chukua vipande vya pembeni vyenye mizizi myeupe, vipande vya urefu wa kidole, uvipande upya kwenye udongo mpya wenye samadi iliyooza. Kwenye ndoo ya lita 20 mimi hufanya hivyo kila mwaka. Kwenye kopo dogo hata miezi sita ni mingi. Dalili ya kwamba muda umefika ni mizizi kuchungulia kwenye matundu ya chini na maji kukaa juu bila kuzama.

Kama imepandwa ardhini, tatizo ni la upande mwingine: itakufikia mchicha, kisha itaingia kwa jirani. Izike ndani ya ndoo iliyokatwa kitako, mdomo ukiachwa juu ya udongo kwa upana wa vidole viwili.

Vidonge vya rangi ya chungwa chini ya jani la nanaa

Hiyo ni kutu, ukungu uitwao Puccinia menthae. Geuza jani: utaona vinundu vidogo vya unga wa chungwa, baadaye vinakuwa vya kahawia nyeusi. Masika ndiyo sikukuu yake.

Hapa sina maneno ya kutuliza. Kuchuma majani yenye madoa peke yake hakutoshi, maana ukungu huu hukaa kwenye mashina na machipukizi ya chini. Kata yote chini kabisa, ichome moto, usiitupe kwenye lundo la mboji. Kinachochipua upya kikiwa na madoa, ng'oa na mizizi, uanze na kipandikizi safi mahali pengine. Palipokuwa na nanaa yenye kutu usirudishe nanaa kwa misimu kadhaa. Giligilani unaweza kuipanda hapo bila wasiwasi. Kutu hii haiihusu.

Njano

Jani la njano lina maana tofauti kwa kila mmoja wao. Giligilani ikiwa njano kuanzia majani ya chini na udongo una ubichi muda wote, ni maji mengi. Ikiwa njano mmea mzima, imedumaa, na udongo ni mchanga mtupu, ni njaa. Nanaa ikiwa njano kwenye ndoo, kwanza angalia mizizi imejaa. Mara nyingi imekwisha kula kila kilichokuwemo. Ikiwa njano yenye vidoadoa vidogo kama imechomwa na sindano, nenda sehemu ya wadudu.

Njaa inatokana na udongo wetu. Milima ya mawe humomonyoka kuwa mchanga mwepesi, ambao Wasukuma huuita luseni. Unapitisha maji kama chujio na rutuba inaondoka nayo. Kule chini tambarare kuna mbuga, udongo mweusi mzito, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi. Luseni peke yake itaishindisha njaa nanaa. Mbuga peke yake itaizamisha giligilani. Kwa giligilani nachanganya karai mbili za luseni na karai moja ya samadi iliyooza. Kwa nanaa, luseni karai moja, mbuga karai moja, samadi karai moja. Samadi iwe imekaa mpaka haina harufu ya zizi, imekuwa kama udongo mweusi. Ile mbichi inaunguza mizizi na, kwa mmea unaoliwa mbichi, inaleta magonjwa ya tumbo.

Wapo wanaotumia gugumaji lililovuliwa ziwani kama matandazo. Kwa miti sina neno. Kwa majani ya kuliwa mbichi siliweki, kwa sababu mmea ule unajulikana kwa kufyonza metali nzito zilizomo majini, na huwezi kujua ulikuwa umeegemea mfereji wa nani.

Wadudu

Vidukari hujikusanya chini ya majani machanga ya giligilani, majani yanajikunja na kunata. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa pilikapilika, wanafuata utamu wa vidukari. Utitiri ni wa nanaa, hasa kiangazi, ndoo ikiwa imebanwa ukutani penye vumbi: jani lina vidoadoa vyeupe juu na utando mwembamba chini. Vyote viwili huanza kwa kiu na vumbi. Dawa ya kwanza ni maji ya nguvu chini ya jani, asubuhi, siku tatu mfululizo. Ikishindikana, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyizia jioni, kesho yake asubuhi suuza. Dawa za pamba usiziguse kabisa. Jani hili unalila kesho.

Kuna asubuhi utakuta ndoo zote zimefunikwa na vijidudu vidogo dhaifu, vingine vimekufa. Ni wale wanaoinuka juu ya ziwa kama nguzo za moshi na kuletwa na upepo hadi kwenye taa zetu. Niliwahi kumkuta kijana mmoja kule Igombe anajiandaa kuwapulizia sumu. Hawali majani. Suuza tu, na kuku watakushukuru.

Maji ya ziwa

Maji ya Ziwa Victoria hayana neno kwa mmea, hayana chumvi ya kuunguza majani. Wasiwasi wangu ni kwa mmwagiliaji. Fukwe zetu zina kichocho. Kinaingia kwa ngozi unapokanyaga majini penye nyasi na konokono kuchota ndoo. Chota ukiwa juu ya jiwe au gati, kwa ndoo yenye kamba, na usiwatume watoto. Mto Mirongo na mifereji inayopita kati ya nyumba, hata kama iko hatua tano kutoka kwenye tuta, haifai kwa giligilani wala nanaa, maana hizi haziivishwi motoni kama mchicha.

Harufu imepotea, au ladha si yenyewe

Nanaa isiyonukia imekula samadi nyingi au imekaa kivulini kupita kiasi: majani mapana, ya kijani kibichi, matupu. Isogeze juani kidogo, acha kuilisha kwa mwezi. Chuma asubuhi umande ukishakauka.

Giligilani isiyonukia kwenye mchuzi mara nyingi haina kosa bustanini. Kosa ni la sufuria. Jani lake halivumilii kuchemka. Supu ya sato ikishatoka motoni ndipo linapotiwa, limekatwa sasa hivi. Shina lake la chini lenye ladha nzito ndilo linaloweza kuanza na kitunguu. Mbegu ni habari nyingine, zenyewe zinataka kikaango kikavu kwanza ndipo ziamke. Nanaa ni kinyume: chai yake inahitaji maji yaliyochemka na kufunikwa dakika tano, la sivyo harufu inapaa na mvuke.

Mgeni akikwambia giligilani yako ina ladha ya sabuni, usimwagilie tena wala usimnunie. Harufu yake inatokana na kemikali za kundi la aldehidi, zinazopatikana pia kwenye baadhi ya sabuni, na utafiti wa mwaka 2012 uliihusisha hali hiyo na jeni moja ya kunusa, OR6A2. Kuna watu wamezaliwa hivyo. Mpe nanaa.

Ila kama ni mtu wa kiungulia, chai kali ya nanaa humzidishia, kwa kuwa inalegeza mlango kati ya koo la chakula na tumbo. Mafuta yake makali nayo yasipakwe puani mwa mtoto mchanga. Menthol inaweza kumbana pumzi.

Mahali pekee nilipoona giligilani na nanaa zikipatana ni kwenye chatini ya kijani inayoliwa na sambusa: mafungu mawili ya giligilani, moja la nanaa, pilipili mbichi, limau, chumvi, kwenye blenda na maji kidogo sana. Ukizitaka zikae kwenye ndoo moja kabla ya hapo, nanaa itashinda ndani ya miezi miwili, na wewe utaniita nije unionyeshe kwamba giligilani haioti Mwanza.